Chombo cha Kukodi Katika Ziwa Nakivale: Faida ya Nani, Hasara ya Nani?

Zipo safari za uvuvi ambazo mwanadamu huzifanya kwa starehe tu. Katika pwani ya Kenya, huko Malindi, Watamu na Shimoni, wageni hukodi mashua za injini tangu alfajiri, wakaenda mbali hadi maji yakageuka rangi na kuwa buluu ya kiza, kisha wakatupa mishipi yao wakimngoja nduwaro, jodari, nguru au fulusi. Mwenye kukodi hulipa kwa siku nzima au nusu siku. Nahodha na mabaharia wake ndio wajuao samaki walipo. Na ikiwa jioni watarejea mikono mitupu, mgeni atacheka, atakunywa kinywaji chake baridi na kwenda kulala hotelini. Siku hizi wengi wao hata humrudisha nduwaro baharini akiwa hai baada ya kumtia alama, kwa maana hawakumfuata kwa ajili ya kitoweo.

Mwandishi mashuhuri wa Marekani, Ernest Hemingway, alivua katika maji hayo ya Malindi mwaka 1934. Aliporudi Afrika Mashariki miaka 20 baadaye, ndege aliyokuwamo ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison, nchini Uganda, mwezi Januari 1954, naye akaokolewa na chombo kilichokuwa kimekodiwa na jamaa waliokuwa katika matembezi yao ya starehe mtoni. Baada ya misukosuko hiyo bado alikwenda Shimoni kuvua. Mtu mwenye fedha na hamu ya samaki hazuiliki kwa urahisi.

Lakini ipo safari nyingine ya chombo cha kukodi, ambayo haipigiwi picha wala haiandikwi katika vitabu vya watalii. Hiyo ni ile ya baba wa nyumba anayekusanya akiba ya mwezi mzima, akampelekea mwenye mtumbwi, akaingia ziwani kwa matumaini ya kurudi na chakula na faida. Safari hiyo yafaa kuangaliwa kwa makini na kila nyumba iliyo kando ya ziwa, hasa na akina mama, kwa sababu fedha inayokodi mtumbwi ndiyo hiyo hiyo inayonunua unga, chumvi na daftari la mtoto.

Mwendo wa kilometa 60 hivi kutoka Mbarara, kusini-magharibi ya Uganda, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya aina yake katika bara la Afrika, kwani Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao walipokelewa hapo tangu zama za mwisho za utawala wa Waingereza. Leo yamo katika Wilaya ya Isingiro, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbarara, na wanaishi humo zaidi ya watu laki moja na nusu waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Katika mchanganyiko huo wa lugha, Kiswahili ndicho kinachomwezesha Mbembe wa Fizi kuelewana na Mrundi, na Mrundi kupatana bei na mwenye duka wa Kisomali.

Pembeni mwa makazi hayo ndipo lilipo Ziwa Nakivale lenyewe. Si ziwa kubwa. Eneo lake ni kilometa za mraba 26 hivi, na kina chake ni cha mita chache tu. Mtu aliyezaliwa Uvira au Baraka, akakulia kando ya Ziwa Tanganyika ambalo kina chake hufikia mita 1,470, akilitazama ziwa hili kwa mara ya kwanza huweza kutabasamu. Huko kwao uvuvi ni wa usiku wa giza, vyombo vikitoka kwa safu, taa zikiwaka juu ya maji kama mji mzima ulioelea, na ndakala wakiuzunguka mwanga hadi wavu unapoinuliwa. Mwezi mpevu ukiwaka, wavuvi hulala. Hiyo ndiyo elimu aliyorithi kwa baba yake, nayo ni elimu ya maana.

Shida ni kwamba elimu hiyo haihamishiki yote. Nakivale hamna ndakala wa kufuata taa. Samaki wa hapa ni ngege, kamongo, kambare na wale samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje. Ngege hutegwa kwa nyavu za kuning'inia majini. Kamongo huvuliwa kwa ndoana zenye chambo, zikipangwa katika kamba ndefu karibu na magugu, na atokapo majini hukaribishwa kwa tahadhari, kwa kuwa taya zake zina nguvu ya kumjeruhi vibaya mtu anayemshika ovyo.

Na tena, wanaofikiri kwamba ziwa lisilo na kina ni ziwa la salama wanajidanganya. Upepo ukivuma juu ya maji machache, mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama na yenye kufuatana upesi, na mtumbwi mwembamba huyapokea kwa ubavu kabla mpiga kafi hajaugeuza. Lakini hatari kubwa zaidi ni kiboko. Mnyama huyu haelei wala haogelei kama watu wengi wanavyodhani. Hutembea akikanyaga chini na kujirusha. Kwa hiyo katika ziwa lenye kina kirefu yeye hubaki kandokando, na mvuvi akishafika katikati amekwisha mwacha nyuma. Katika ziwa la kina cha mita chache, hakuna katikati ya kukimbilia. Aweza kuwa popote.

Mchana kiboko hulala majini. Jioni hutoka kwenda malishoni, na alfajiri hurudi kwa njia zake zile zile. Saa hizo mbili ndizo hasa wavuvi wanapoingia na kutoka. Wazee wa mialoni huwaonya vijana wasishukie mahali penye njia ya kiboko hata kama pana mchanga mzuri, wala wasimpitie kati yake na maji, wala wasimkaribie jike mwenye ndama. Mtumbwi unaovuja, ulioshonwa upya kwa mabati na kujazwa watu wanne mahali pa wawili, haumwezi. Koti la kuelea, ambalo mgeni wa Malindi huvikwa kabla mashua haijang'oa nanga, katika mialo ya maziwa madogo huonekana kuwa ni anasa, na hapo ndipo nyumba nyingi za wavuvi zinapopatia majonzi. Mama wa nyumba hana budi kuliuliza jambo hilo kabla ya kuuliza bei: koti liko wapi, na mtumbwi una umri gani?

KWA NINI WENGI WANATAMANI ZIWA

Kwa miaka mingi mkimbizi wa Nakivale alikuwa na mambo mawili ya kutegemea, yaani kishamba alichogawiwa na mgawo wa chakula au fedha kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mgawo huo umekuwa ukipunguzwa hatua kwa hatua. Mwezi Aprili 1920 na kitu hakukuwa na mgawo wa kupunguza, lakini Aprili 2020 ulikatwa kwa asilimia 30. Mwaka 2021 ukakatwa tena. Mwaka 2023 watu wakagawanywa katika mafungu kulingana na hali zao. Na mwezi Mei 2025 wakimbizi wapatao milioni moja katika Uganda nzima wakaondolewa kabisa katika orodha, fedha za wafadhili zilipopungua. Vishamba navyo vimekuwa vidogo kwa kadiri watu wanavyoongezeka, na Isingiro ni nchi ya ukame wa mara kwa mara.

Kwa hiyo watu wamelitazama ziwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea nchini, na kwa jambo hilo Uganda imesifiwa na ulimwengu. Hata hivyo ruhusa ya kufanya kazi si leseni ya kuvua. Chombo lazima kisajiliwe, mvuvi lazima awe na kibali, na nyavu lazima ziwe za matundu yanayokubaliwa na sheria. Nyavu haramu zikikamatwa huteketezwa kwa moto hadharani, na aliyekodi hawezi kujitetea kwamba mali ni ya mwingine. Fedha yake imekwenda na moshi. Ndiyo sababu yule anayetaka kukodi yampasa kuona hati za chombo kwa macho yake, na kuupima wavu kwa mkono wake, kabla shilingi moja haijatoka mfukoni.

HESABU YA JIONI

Mazungumzo ya jambo hili aghalabu hufanyika jikoni, watoto wakiisha kulala.

"Baba watoto, tukimpa mwenye mtumbwi fedha hii yote, kesho tutakula nini?"

"Mama, siku moja nzuri itarudisha yote na zaidi."

Wote wawili wana haki, na ndiyo maana yafaa kuchukua karatasi na kalamu. Chukua mfano huu, ambao bei zake ni za kufanyia hesabu tu. Nyumba ina akiba ya shilingi 35,000. Mtumbwi pamoja na nyavu unakodiwa kwa shilingi 20,000 kwa siku, msaidizi analipwa 10,000, chambo na gharama ndogondogo ni 5,000. Akiba yote imekwisha. Siku ikiwa nzuri, wanapatikana samaki kilo 10, wakauzwa kwa shilingi 8,000 kila kilo. Jumla ni 80,000, na faida ni 45,000. Siku ikiwa mbaya, wanapatikana kilo 3 tu, yaani shilingi 24,000. Hasara ni 11,000.

Ipo njia ya pili, ya kale katika maziwa yetu, nayo ni ya mafungu. Halipwi mtu kitu asubuhi ila chambo. Jioni gharama hiyo ya 5,000 hutolewa kwanza, na kinachobaki hugawanywa nusu kwa mwenye chombo na nyavu, nusu kwa wavuvi wawili. Siku nzuri, baba wa nyumba anapata shilingi 18,750. Siku mbaya anapata 4,750. Hakuna siku anayodaiwa.

Mtu atasema mara moja kwamba njia ya kwanza ni bora, kwa kuwa 45,000 ni zaidi ya mara mbili ya 18,750. Haya, na zihesabiwe siku 5, mbili nzuri na tatu mbaya. Njia ya kukodi italeta 90,000 za siku nzuri, toa 33,000 za siku mbaya, zabaki 57,000. Njia ya mafungu italeta 37,500 na 14,250, jumla 51,750. Tofauti ni shilingi 5,250 tu kwa siku 5 za kazi.

Lakini karatasi haisemi siku mbaya itakuja lini. Ikija ya kwanza, akiba ya 35,000 imebaki 24,000, na fedha hiyo haitoshi kukodi mtumbwi, kumlipa msaidizi na kununua chambo kesho yake. Siku zile mbili nzuri zitakuja, naam, ila zitamkuta baba ameketi nyumbani au amekwenda kukopa kwa mchuuzi. Na mchuuzi akikopesha hukopesha kwa sharti kwamba samaki wote wauzwe kwake kwa bei aitakayo yeye. Kuanzia hapo mvuvi amekuwa kibarua wa deni lake. Mwenye fedha nyingi aweza kungoja siku nzuri. Mwenye akiba ya siku moja hawezi. Ndiyo tofauti kati ya mgeni wa Malindi na mkazi wa Nakivale, na haina uhusiano wowote na ujuzi wa kuvua.

Njia ya mafungu ina kasoro yake pia. Mwenye chombo hupata nusu bila kulowa, na wengine huficha bei halisi waliyouzia. Dawa yake ni mizani iliyo wazi mwaloni na mtu wa nyumba kuwapo samaki wanapopimwa. Hapa akina mama wamekuwa walinzi wazuri kuliko waume zao, ambao hutoka majini wamechoka na hutaka tu jambo liishe. Baadhi ya nyumba huona heri kuunganisha akiba za watu watano au sita, kwa desturi ya upatu, hata ununuliwe mtumbwi mmoja wao wenyewe wenye hati halali.

NGEGE ALIYE CHINI YA INCHI 11

Sheria ya Uganda inakataza kuvua ngege aliye chini ya inchi 11, yaani sentimeta 28 hivi. Wengi huiona sheria hii kuwa ni ukali wa serikali dhidi ya maskini. Mtu aliyekodi mtumbwi kwa fedha taslimu ndiye anayeichukia zaidi, kwani saa zinakwenda na gharama yake lazima irudi, hivyo hata samaki wa kiganja humtia kikapuni. Yule wa mafungu huweza kumrudisha majini bila kuumia sana.

Ngege jike huyahifadhi mayai yake kinywani mpaka watoto waanguliwe na kuweza kujitegemea. Katika siku hizo huwa hali vizuri, na hukaa karibu na ukingo, penye magugu na maji ya vuguvugu. Anayekokota wavu mdogo ukingoni hamvui samaki mmoja. Anavua na wale waliomo kinywani. Ziwa la kilometa za mraba 26 si Ziwa Victoria. Kosa la mwaloni mmoja huonekana mwaloni wa pili kabla mwaka haujapita.

Wala si wavuvi peke yao wanaoliumiza. Mto Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju, hupita katikati ya Mbarara, ambako wananchi wa mji huo hupata maji yao ya bomba, kisha huingia katika mfululizo wa maziwa ya Mburo, Nakivale, Kachera na Kijanebalola, hata maji yakaelekea Ziwa Victoria. Mafunjo yanapokatwa na vinamasi kulimwa, udongo uliokuwa ukichujwa na mizizi husafiri na maji, ukatulia mahali penye maji yasiyokwenda kasi. Maziwa yasiyo na kina ndiyo yanayojaa kwanza. Ardhi hii oevu ya Mburo na Nakivale iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya kimataifa ya maeneo oevu yenye umuhimu, ile ya Mkataba wa Ramsar. Mchanga unaochotwa mtoni Mbarara na tofali linalofyatuliwa ukingoni ni habari za Nakivale pia, ijapokuwa mfyatua tofali hajapata kuliona ziwa hilo.

Jirani, katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo iliyotangazwa mwaka 1983, wageni hupanda mashua za hifadhi kutazama viboko na ndege, na wenye kibali huruhusiwa kuvua kwa ndoana mahali palipotengwa. Kiboko anayelipiwa ili atazamwe na kiboko anayekimbiwa na mvuvi ni wa ukoo mmoja.

JIKONI NA SOKONI

Samaki akishafika mwaloni, kazi inayobaki ni ya mkono mwepesi. Pasipo barafu, ngege wa saa 12 asubuhi huanza kulegea jua linapopanda. Atazamwe macho kama bado yamejaa na kung'aa, matamvua kama ni mekundu, na nyama kama hurudi ikibonyezwa kwa kidole. Aliye laini, mwenye matamvua ya kahawia, aachwe hata akiwa nusu bei. Utumbo utolewe mara moja, lakini si kwa kusimama majini kwenye magugu, maana huko konokono wanaoeneza kichocho ndiko maskani yao. Achote maji kwa ndoo, afanyie kazi pakavu, na watoto wasiachwe wakichezea ukingoni kwa kisingizio cha kusaidia.

Kinachozidi chakula cha siku hukaushwa kwa moshi. Kamongo hufaa sana kwa jambo hilo kwa kuwa nyama yake ni nene na ina mafuta. Hukatwa vipande virefu, hupakwa chumvi, hulazwa juu ya uchanja kwa moto mdogo mpaka rangi iwe ya dhahabu iliyoiva. Kipande kikavu hulowekwa katika maji ya moto, huoshwa, kisha hupikwa katika mchuzi wa karanga zilizosagwa pamoja na nyanya na kitunguu, kwa moto wa taratibu, na huliwa na posho au ndizi za Isingiro. Mwenye wageni wa Kiganda awaulize kwanza kwa adabu, kwani kwa desturi yao wapo ambao mamba, kama wanavyomwita kamongo, ni mwiko wa ukoo wao, na zamani wanawake hawakumla kabisa.

Hata Mbarara yenyewe imebadilika. Wafugaji wa zamani wa Ankole waliishi kwa maziwa, samli na nyama, na samaki hakuwa chakula cha kuheshimika mezani kwao. Leo katika mji huo, uliopandishwa kuwa jiji mwaka 2020, samaki mkavu na mbichi hununuliwa kila siku na watu wa makabila yote. Mama anayetoka Nakivale na kikapu chake huamka usiku, hupanda gari la abiria, hulipa nauli yake na ya mzigo, hulipa ushuru wa soko, kisha huketi karibu na wenzake walioleta sangara na sato wa Ziwa Victoria. Asipoziandika gharama hizo ataona ameuza vizuri kumbe ameuza kwa hasara. Wale wenye uzoefu huuza nusu mwaloni ili nauli ipatikane, hukausha robo, na robo iliyobaki hupeleka mjini siku ya soko kubwa, bei inapokuwa imepanda.

Jioni hurudi na kikapu kitupu na noti zilizofungwa pembeni mwa kitenge. Huzigawa juu ya mkeka mafungu matatu: la unga, la shule, na la upatu wa mtumbwi. Fungu la tatu ndilo dogo kuliko yote, nalo huingia katika kopo lenye kifuniko, mahali ambapo baba watoto anapajua lakini hapagusi.